Plastiki ile hatukuiomba

Maneno ya harakati yetu mbele ya raia wa mtaa, Bukavu. Tumeyaandika karibu vile tulivyoyasema. Majina ya watu na ya maduka tumeyaacha.

   Wamoja kati yenu walituuliza pale mlangoni kama leo tutazungumzia barabara, wengine wakauliza kama ni mambo ya uchaguzi. Apana. Leo tumekuja na nanasi.

Mulitazame vizuri, kisha mulipitishe kwa jirani. Nanasi hili ni la Idjwi. Lilitoka shambani bila nguo, likalala ndani ya kitunga pamoja na mengine, likapanda mtumbwi, likashuka Beach Muhanzi juu ya kichwa cha mama. Njia yote ile, saa nyingi juu ya maji, jua na mvua, hakuna mtu aliyeona lazima ya kulivika kitu. Nanasi liko na ganda lake, na ganda lile linachoma ata mikono. Kisha likafika kwenye alimantasio moja ya katikati ya mji. Pale njo wakalikata majani, wakalilaza juu ya sahani nyeupe ya frigoliti, wakalizungushia filmu ya plastiki, wakabandika etiketi. Tulilinunua jana jioni. Bei ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya Nyawera.

Tulimuuliza kijana anayepanga vitu pale: hii plastiki ni ya nini? Akacheka. Akasema: "Ni juu ya kuipendezesha tu."

Hatumcheki kijana yule. Alisema ukweli ambao wakubwa wake walikataa kutuambia.

Sasa, kabla mtu hajasimama kutupinga, tuseme jambo moja. Hatukukuja hapa kumsema mama wa Kadutu. Mama yule anafunga chumvi ya kipimo, mafuta ya kupikia mboga ya siku moja, sukari ya chai ya asubuhi. Familia nyingi zinanunua namna ile, na za kwetu pia, juu pesa ya siku ni ya siku. Sashe yake inaishia kwenye mfereji kama zingine, hatutadanganya. Lakini iko na kazi. Bila ile sashe mafuta yatabebwa na nini? Mwenye kutaka kumuondolea mama yule sashe amletee kwanza kitu kingine, cha bei ileile. Hiyo ni vita ingine, na siku yake itafika.

Plastiki ya leo ni ile isiyo na kazi. Kuitambua si kazi ngumu. Uiondoe kwa kichwa, kisha ujiulize kama kuna kitu kimeharibika. Karoti 6 juu ya sahani ya frigoliti: uondoe sahani na filmu, karoti zinabaki karoti. Avoka 2 zilizofungwa pamoja kama pingu: uzifungue, ni avoka. Ndizi mbivu! Ndizi ambayo Mungu mwenyewe aliifunga vizuri kuliko kiwanda chochote, nayo imetiwa ndani ya sashe, imefungwa na skochi. Malimau, marakuja, vitunguu, shu nzima nzima. Tulizunguka maduka 3 ya hapa mjini na tukaandika kila kitu tulichokiona. Vingi vya vile vinatoka Kabare, Walungu, Kalehe na Idjwi. Vinakuja uchi mpaka mlangoni mwa duka, na plastiki inavingojea ndani.

Tuko wakweli, kuna vitu vyenye mabishano. Tango ni moja. Tango linapoteza maji haraka, na filmu inalisaidia kukaa siku zaidi kama linasafiri mbali, kama limetoka inchi ingine na kamio. Kama mwenye duka anatuambia "hili tango limetoka mbali", tutakaa chini tuzungumze. Lakini asituletee tango la Kavumu lililofika asubuhi hii na kutwambia ni juu ya safari.

Tena filmu inaweza kuharibu. Mama wanaouza tomati wanajua hii kuliko sisi. Tomati ikifungwa kabisa inatoa jasho, maji yanabaki ndani, na moja ikianza kuoza zingine zinaifuata. Ukiinunua kwa mkono, ungeona ile mbovu na kuiacha. Ukiinunua ndani ya filmu, ile mbovu wameigeuza chini. Tunaona wengi wanatikisa kichwa. Iliwafikia.

Shida iko wapi, basi, kama ni plastiki kidogo ya nanasi? Mushuke mpaka kwenye Ruzizi. Pale ziwa Kivu linapotoka kuwa mto, kuna bwawa la Ruzizi 1. Limejengwa mwisho wa miaka ya 1950, na mashine zake, kama zote zinazunguka, zinatoa karibu megawati 30. Ile njo moto wa Bukavu na wa Uvira. Kila mvua kubwa ikinyesha, mifereji yetu na mto Kawa vinabeba takataka za milima yote mpaka ziwani, na maji ya ziwa yanaisukuma takataka ile taratibu mpaka pale. Chupa, sashe, filmu, frigoliti. Wafanyakazi wanapanda mitumbwi kuzitoa, na wazamiaji wanashuka chini kuzitafuta kwenye milango ya maji. Plastiki ikiziba, mashine inasimama. Mashine ikisimama, unajua mwenyewe: salon ya kunyoa inafunga, samaki wa mama wanaharibika kwenye frigo, mtoto anasoma na tochi ya simu.

Hatusemi kwamba umeme unakatika juu ya nanasi peke yake. Mashine ni za zamani, watu wameongezeka, na kuna mambo mengine mengi ambayo tumeyasema mara nyingi na tutayasema tena. Na chupa za plastiki ni nyingi kuliko filmu ya mboga. Lakini ukichagua kati ya plastiki zote zinazofika pale, ni ipi ya kuondoa kwanza? Si ile ambayo hakuna mtu aliyeiomba?

Wengine wanauliza: serikali inasema nini? Serikali imekwisha kusema, tena zamani. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2017, waziri wa kwanza alitia saini dekree namba 17/018. Inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, sashe, filmu na vifungio vingine vya plastiki. Musikie vizuri: na filmu. Si sashe ya mama tu. Zaidi ya miaka 6 imepita. Na kila mara mtu fulani mwenye kofia anapoikumbuka dekree ile, anaenda wapi? Anaenda sokoni. Anamnyang'anya mama pakiti yake ya sashe, anamtoza pesa, siku ya tatu sashe zimerudi. Mama mmoja wa Kadutu alituambia: "Shiye njo banatuona juu tunakaa chini. Bale ba alimantasio biko na mulango." Maneno yale tuliyaandika mara mbili tusiyasahau.

Na musituambie haiwezekani. Nani hapa hajavuka kwenda Kamembe? Ukifika pale mpakani na sashe mkononi, unaiacha. Mtu anatoa vitu vyake vyote anavitia kwenye kitambaa ao karatasi, anapita. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza sheria ya vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja. Kenya ilifunga yake tarehe 28 mwezi wa 8 mwaka 2017, Tanzania mwezi wa 6 mwaka 2019. Mtu uleule anayeacha sashe yake pale daraja la Ruzizi bila kulia, akirudi huku anatwambia haiwezekani. Ni miguu ileile.

Lakini leo hatukukuja kuita serikali. Barua kwa serikali tumeandika nyingi, na ile ya plastiki pia iko pale inalala. Tumekuja kusema na mwenye kununua.

Mwezi wa 3 mwaka 2018, katika mji mdogo wa Uingereza unaoitwa Keynsham, kundi la wanunuzi liliingia kwenye duka kubwa la Tesco. Walinunua vitu vyao vya kawaida vya nyumbani. Walilipa kila kitu. Kisha, pale pale, wakafungua vifungio vyote visivyo na kazi, wakatia chakula ndani ya mifuko yao wenyewe na kuacha plastiki kwenye vitoroli vya duka. Njo ile tu. Hawakuvunja, hawakutukana. Video ikazunguka, na mwaka uleule watu wa Ubelgiji, Ufaransa na inchi zingine wakafanya vilevile. Wakaipa jina la "shambulio la plastiki". Sisi jina lile hatulipendi sana. Hapa kwetu neno shambulio liko na maana ingine, na watoto wetu wanaijua. Tutatafuta jina letu.

Wenye maduka kule walijibu nini? Kama hapa: plastiki inalinda chakula, bila plastiki chakula kitaoza. Basi shirika moja la kule, WRAP, likapima. Lilichukua vitu 5: pome, ndizi, viazi, tango na brokoli, likavichunguza miezi 18. Mwezi wa 2 mwaka 2022 likatoa majibu. Plastiki haikuongeza maisha ya vitu vile kwa namna ya maana. Kitu kilichosaidia ni kuvitunza kwenye baridi. Tena kuuza kwa kifungio kulimlazimisha mtu anunue zaidi ya anachohitaji, na ile ya ziada njo inatupwa. WRAP ilikadiria kwamba wakiuza vitu vile 5 vikiwa wazi, na kuondoa tarehe zinazobandikwa juu yake, Uingereza ingeokoa kila mwaka tani zaidi ya 10,300 za plastiki na tani karibu 100,000 za chakula kinachotupwa nyumbani.

Jambo hili tunataka mama wasikie, juu mama wa hapa wanalijua bila ripoti. Mtu anahitaji karoti 2 za supu. Duka linamwambia: chukua 6 ao uache.

Ufaransa walifika mbali zaidi, mpaka sheria. Toka tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2022, matunda na mboga karibu 30 zilikatazwa kuuzwa ndani ya plastiki kama uzito hauzidi kilo 1 na nusu. Kwenye orodha kulikuwa karoti, viazi, vitunguu, puaro, shu, ndizi, pome, malimau, maembe, marakuja. Na nanasi pia, ndiyo. Lakini musifikiri kule mambo yanaenda yenyewe. Watengenezaji wa plastiki walienda mbele ya mahakama, na mwezi wa 12 mwaka 2022 dekree ile ikafutwa. Mwezi wa 6 mwaka 2023 serikali yao ikaandika ingine. Tunalisema hili kwa vijana wanaofikiri sheria ikiisha kuandikwa kazi imeisha. Sisi tuko na dekree tangu 2017 na nanasi letu hili limevaa.

Sasa tuwaambie yetu, na tuanze na makosa.

Jumamosi ya kwanza tuliingia kwenye alimantasio moja tukiwa 8, na fulana zetu. Hatukuomba nafasi na yeyote. Mwenzetu mmoja, kwa hasira, akapasua filmu ya sahani ya tomati kabla ya kulipa. Mlinzi akamshika mkono, msimamizi wa duka akatoka, wateja wakafikiri ni wizi. Mama mmoja akaacha vitu vyake akatoka mbio. Msimamizi akasema ataita polisi. Na alikuwa na haki, tuseme ukweli: tomati ile haikuwa yetu. Tuliilipa, tukaomba radhi, tukatoka. Usiku ule hatukulala vizuri, si juu ya polisi. Juu ya yule mama. Tulisema tunamtetea mnunuzi na mnunuzi akatukimbia.

Jumamosi ya pili tulijifunza. Bila fulana. Tulienda wawili wawili, saa mbalimbali, na vitunga vyetu. Siku 2 mbele tulikuwa tumepeleka barua kwa msimamizi kumwambia tutafanya nini. Tulinunua, tulilipa, tukasogea pembeni kusudi tusifunge njia ya wengine, tukafungua. Plastiki tukaiweka vizuri ndani ya kikapu cha duka, tukamwachia binti wa malipo, tukasema asante. Kufika saa sita kikapu kilikuwa kimejaa mpaka juu. Na kuna kitu hatukukipanga. Wateja ambao hatuwajui walianza kufanya vilevile. Baba mmoja mzee mwenye kofia, hatujui jina lake mpaka leo, alitoa shu yake ndani ya filmu, akaikunja filmu kama barua na kuiweka juu ya zingine. Akasema, "Miaka yote ninaipeleka nyumbani kuitupa. Kumbe ninaweza kuiacha kwa mwenyewe."

Mwenye duka anapobaki na ile plastiki, njo anaanza kuihesabu. Inapoingia pubele yako ya nyumbani ni shida yako, na ya mto Kawa. Inapobaki pale kwake ni pesa yake na harufu yake.

Jumamosi ya tatu msimamizi alituita kwenye biro. Alikuwa na sababu 3. Tunazileta hapa juu na nyinyi mutazikuta.

Ya kwanza: watu watagusagusa vitu na mikono. Tulimjibu kwamba nanasi hili lilishikwa na mikono mingi kabla ya kuvaa filmu. Filmu imefunga tu vumbi ndani. Matunda yanaoshwa nyumbani, njo ilivyo toka zamani.

Ya pili ilikuwa na uzito kuliko zote, na hatukuitegemea: mizani. Duka lina mizani moja, na iko nyuma. Vitu vinapimwa kule, vinafungwa, vinabandikwa bei, binti wa malipo anasoma etiketi. Vikiwa wazi, nani atapima? Mstari utakuwa mrefu, na wengine watabadilisha etiketi. Basi plastiki haikuwa ya kulinda chakula, ilikuwa ya kushika etiketi! Tulimwambia: ulete mizani mbele, kando ya mboga, umweke mtu apime na kuandika bei mbele ya mteja. Nanasi na shu uziuze kwa moja moja, bila kupima, kama sokoni. Hapo alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuandika.

Ya tatu: wateja wake wanapenda hivyo, wanataka duka lifanane na la Ulaya. Hiyo ilitufanya tucheke, na yeye mwisho akacheka. Tulimwonyesha kwenye simu ile orodha ya Ufaransa.

Tulitoka pale tukiwa na furaha. Furaha ile ilifika mpaka kwenye geti la nyuma tu. Dada mmoja alikuwa anatungojea. Yeye na mwenzake njo wanafunga vile vitu, kule nyuma, toka asubuhi, wanalipwa kwa siku. Alikuwa amesikia. Alituambia bila kupandisha sauti: "Kazi yenye munasema haina maana, njo inanipatisha mukate. Mukiimaliza, mutanipatisha ingine?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia tutarudi, na tukaenda kubishana mpaka usiku wa manane. Wamoja walisema tuache, kuna maduka mengine, kuna mapambano mengine. Wengine walisema hatuwezi kulinda kila kazi, kama ingekuwa hivyo hakuna kitu kingebadilika. Mwenzetu mmoja, ambaye mama yake anauza ndagala, aliuliza swali ambalo lilitunyamazisha: kwenye barua yetu ya kurasa 2, wale wanaofunga tuliwaandika wapi? Hatukuwaandika. Tuliandika ziwa, bwawa, dekree, Uingereza, Ufaransa. Mtu mwenye kushika plastiki ile kila siku hakuwa ndani.

Tulirudi kwa dada. Tuliandika barua upya pamoja naye na mwenzake. Sasa ombi la kwanza kabisa ni hili: mtu asifukuzwe. Mwenye kufunga awe mwenye kupima. Kuchagua mbovu, kuosha karoti, kupanga, kupima mbele ya mteja, yote ni kazi ya mikono, na dada yule anasema ni bora kuliko kusimama chumba cha nyuma bila dirisha. Msimamizi amesema "tutaona". Tunawaambia kama ilivyo. Hatuna karatasi yake yenye saini juu ya jambo lile. Kama mtu atafukuzwa, tutasimama mbele ya mlango ule, na safari ile tutavaa fulana.

Tulichopata ni hiki. Duka lile limekubali mwezi mmoja wa kujaribu. Nanasi, avoka, ndizi, shu na vitunguu vitauzwa wazi. Mizani imeletwa mbele, na dada wetu njo yuko nayo. Vingine vinabaki kwenye filmu mpaka tuone. Mwisho wa mwezi atahesabu: vimeuzwa ao vimebaki? Kama vimebaki, atarudisha filmu na kutuambia wateja wamechagua. Wiki ya kwanza imekwisha. Nanasi zilienda zote. Ndizi zilienda. Avoka zilibaki nyingi, juu watu walizifinyafinya mpaka zikalegea. Hiyo ni sisi wenyewe tunaharibu, tuseme. Avoka haifinywi na vidole vitano. Muulize mwenye kupima, anajua ipi ni ya leo na ipi ni ya kesho kutwa.

Maduka mengine 2 hayajajibu barua. Kule njo tunawaomba mutembee nasi.

Tunajua wengi hapa hamununui kwenye alimantasio. Sisi pia, karibu wote, tunanunua Nyawera na Kadutu, na tutaendelea, hatutaki mama wa sokoni apoteze mteja juu ya kampeni yetu. Hatumtumi mtu aende kununua ghali. Lakini kila mtu hapa anajua mtu: mkubwa wake wa kazi, shangazi mwenye gari, jirani anayefanya kazi kwenye mashirika. Wale njo wateja wenye duka anawasikiliza. Mukawaambie mambo 3 tu. Aende na kitunga chake. Kama kitu kiko wazi na kiko ndani ya filmu, achague cha wazi. Kama kiko ndani ya filmu tu, alipe, afungue pale pale, aache filmu dukani na kusema kwa heshima kwa nini. Si kwa binti wa malipo kwa kumpigia kelele, yeye hakuichagua. Kwa msimamizi.

Na mutulindie jina. Hakuna kupasua kabla ya kulipa. Hakuna kupiga picha ya uso wa mfanyakazi. Hakuna kutupa plastiki chini. Mlinzi akisema mutoke, mutoke, mutuambie saa na siku.

Jumamosi tunakutana saa tatu ya asubuhi, Place de l'Indépendance, kisha tunaachana wawili wawili. Kila mtu na kitunga. Wenye kujua kushona, mama wa parokia wamesema wako na vitambaa vya bure vya kutengeneza mifuko, mubaki nyuma muandikishe majina.

Maswali sasa, na tunaomba tuanze na mama wa mstari wa nyuma, walinyoosha mkono tangu zamani. Na nanasi lirudi hapa mbele. Filmu tumeshaitoa, tutamrudishia mwenyewe. Nani iko na kisu?